Je, Waona Nyota Ngapi?

Leo hatutaanza kwa kufungua kitabu. Tutaanza kwa kutoka nje. Ikiwa redio yako ni ile ndogo ya kubebwa mkononi, njoo nayo uani. Ikiwa ni kubwa, iache dirishani, uongeze sauti kidogo.

Tunataka kuzungumza juu ya Kilimia.

Wengi wetu, hasa vijana, tumelisoma neno hili katika Biblia tukalipita, kama mtu apitavyo jina la mji wa mbali asiotazamia kufika. Kumbe si neno la mbali hata kidogo. Ni neno la jembe. Kilimia ni jina lililozaliwa na kulima, na ndugu zake wametapakaa katika bara letu mpaka mwisho wake wa kusini, ambako Wazulu na Waxhosa husema isiLimela. Waxhosa walihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa mara ambazo isiLimela ilikuwa imetokea tangu alipotahiriwa. Wanandi wana jina lao, Koremerik, na wazee wao walizitazama nyota hizo ili kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Wamaasai nao wana jina lao. Waarabu husema Thuraya, na ndugu zetu wa Pwani hulijua jina hilo kwa kuwa wapo mabinti wanaoitwa hivyo. Na ile taa kubwa ya kuning'inia yenye matawi mengi huitwa thuria. Hata vijana wa Nairobi wasiojua kushika jembe wanazijua nyota hizi bila kujua kwamba wanazijua, maana Wajapani huziita Subaru. Litazameni gari hilo likisimama mbele yenu: ile alama iliyo puani ni nyota 6, moja kubwa na tano ndogo.

Wahenga wa Pwani walikuwa na usemi: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Tutaurudia usemi huo baadaye, kwa maana una jambo ndani yake ambalo watu hulielewa vibaya.

Basi, kinaonekana wapi? Inategemea mwezi. Katikati ya Novemba, jua linapotua, Kilimia ndipo kinapochomoza mashariki, kimeelekea kidogo kaskazini, nacho hukaa angani usiku kucha. Mwishoni mwa Januari, saa mbili au saa mbili na nusu za usiku, hapa kwetu Kenya kimekwisha kupanda juu sana. Simama umeelekea kaskazini, inua uso karibu na utosi, utakiona. Machi kinaegemea magharibi. Aprili kinaufuata mwanga wa jua kwa karibu, na mwezi huo unapokwisha kinapotea kabisa. Yapata siku 40 hakuna mtu akionaye, kwa sababu kiko upande ule ule wa jua. Kisha, karibu na katikati ya Juni, yule aamkaye alfajiri kukamua ng'ombe hukiona tena, chini mashariki, kabla ya mapambazuko kukifuta.

Kama hukijui bado, tafuta kwanza zile nyota 3 zilizojipanga mstari mmoja, ambazo ni mshipi wa Orioni. Hizo hazikosei mtu. Ufuate mstari wao. Upande mmoja utakupeleka kwenye nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, nayo ni Sirius. Ukifika hapo umekosea njia, rudi. Upande wa pili utakupeleka kwenye nyota moja yenye wekundu kama kaa la moto, iitwayo Aldebaran. Endelea mbele kidogo. Kile kijikundi kilichosongamana kama vifaranga chini ya mama yao ndicho Kilimia. Wako wasemao ni kama ukungu, wengine ni kama kidimbwi kidogo cha mwanga. Tena ni kidogo kuliko watu wanavyokumbuka: ukinyosha mkono wako, kidole cha mwisho kitafunika karibu kundi lote. Lakini hapo pana mzaha wa macho. Waulize watu kama mwezi mpevu unaweza kukifunika Kilimia, wengi watasema naam, tena mara mbili. Sivyo. Upana wa mwezi ni kama nusu tu ya upana wa kundi hilo.

Sasa, hesabu.

Lakini ngoja. Usihesabu mara tu utokapo chini ya taa ya stima. Jicho linahitaji muda kulizoea giza, nusu saa hivi, na ukiitazama simu yako hata mara moja umeanza upya. Zima taa ya barazani. Kama mwezi ni mpevu, acha hadi siku nyingine. Ukiwa tayari, usikikazie macho Kilimia chenyewe. Tazama pembeni yake kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani bila kutaka kujulikana. Katikati ya jicho pameumbwa kwa ajili ya mchana na rangi. Kando yake ndiko kwenye uwezo wa kupokea nuru hafifu. Utashangaa. Nyota uliyoitafuta kwa nguvu ikakukimbia, ukiacha kuitazama inakuja yenyewe.

Watu wengi huhesabu 6. Hilo tunalisema wazi kwa kuwa vitabu vingi husema 7, na mataifa mengi tangu zamani husimulia juu ya dada 7. Wagiriki walijua kwamba moja haionekani vizuri, wakatunga hadithi kwamba mmoja wa dada hao alijificha kwa aibu. Wenyeji wa asili wa Australia nao husimulia juu ya dada 7, na mmoja amepotea au amefichwa. Wenye macho makali mahali penye giza la kweli huona 8 au 9, na hata zaidi. Mwaka 1579, kabla ya kuwapo darubini, Michael Maestlin, yule ambaye baadaye alimfundisha Johannes Kepler, alichora ramani ya nyota 11 za Kilimia kwa macho yake matupu. Sisi wengine tusijilinganishe naye. Mbili kati ya nyota zake, Atlas na Pleione, zimekaribiana mno hata kwa wengi wetu huonekana kama moja.

Na hapa tunataka kukaa kidogo, kwa maana jambo la kuhesabu si dogo.

Mwaka mmoja, katika kambi ya watoto wa shule ya Jumapili, tuliwatoa uwanjani usiku wa mwezi wa Desemba. Walikuwa kama 30. Tulifanya kosa walifanyalo walimu wengi, au tuseme mmoja kati ya waliokuwa nasi alilifanya, kwa kuwaambia mapema kwamba nyota ni 7. Basi tulipouliza, kila mtoto akajibu saba! Saba! Wengine walikuwa hawajainua hata vichwa. Msichana mmoja akasema 6, wenzake wakamcheka, naye akatazama tena, akasema bado ni 6. Tulimpenda sana mtoto yule.

Lakini alikuwako na mvulana wa miaka 9 hivi, aliyesimama nyuma ya wote. Yeye hakusema 6 wala 7. Alipoulizwa alinyamaza, alipoulizwa tena akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sioni nyota. Naona moshi." Watoto wakaangua kicheko. Tukamwonyesha zile tatu za Orioni. Akasema hapo anaona kama kamba iliyolowa. Tukamwuliza juu ya mwezi: mwezi una manyoya pembeni. Akadhani watu wote huona hivyo! Kwa miaka 9 alidhani kwamba nyota ni vitu vyenye manyoya, na kwamba sisi tunaosema juu ya vijitone vya nuru tunasema kwa mafumbo, kama tunavyosema katika nyimbo.

Mama yake alipokuja kumchukua tukamweleza. Akaketi chini. Akatuambia kwamba shuleni mtoto huyo amekuwa akichapwa kwa kutonakili ubaoni, na katika ripoti yake imeandikwa mihula mitatu kwamba ni mvivu. Walikuwa wamekwisha kupatana na baba yake kwamba labda aache masomo akae na mbuzi, kwa kuwa karo haitoshi watoto wote, na kuna dada zake wanaofaulu. Shauri hilo lilikuwa limefungwa kabisa. Basi alipelekwa hospitali, macho yakapimwa, akapewa miwani, ile yenye vioo vizito. Hatukumwona siku alipoivaa. Mama yake alituambia tu kwamba jioni ile alikataa kuingia ndani kula.

Msikilizaji mpendwa, mtoto yule angaliweza kusema saba. Lilikuwa jibu la bure, hakuna ambaye angalimuuliza zaidi, na kicheko kingalimwepuka. Fikirini ni nini kingalifuata.

Basi tuendelee. Mwaka 1610 Galileo aliitoa habari ya mambo aliyoyaona kwa darubini yake, na katika Kilimia alichora nyota 36 mahali ambapo watu walikuwa wakibishana juu ya 6 na 7. Mwaka 1767 kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, John Michell, aliketi akapiga hesabu: je, nyota zenye mwanga kama huo zingeweza kujikuta zimesongamana hivyo kwa bahati tu, kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni? Akaona kwamba nafasi ya jambo hilo ni kama moja katika 500,000. Kwa hiyo, alisema, lazima nyota hizo ziwe jamaa moja kweli. Naye alisema kweli. Leo wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya nyota 1,000 katika jamaa hiyo. Zilizaliwa pamoja kutoka katika wingu moja, yapata miaka milioni 100 na kitu iliyopita, nao ni umri mdogo. Jua letu lina miaka zaidi ya milioni 4,500. Zile tuzionazo kwa macho ni zile kubwa tu, zenye moto mkali na rangi ya kibuluu. Nyingi zilizobaki ni ndogo na hafifu kuliko jua letu.

Ziko mbali kiasi gani? Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na kutoka Kilimia hadi uani kwako imechukua kama miaka 440. Nuru utakayoiona usiku wa leo ilianza safari miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Imesafiri siku zote hizo, ikafika, na pengine watu tumefunga madirisha.

Sasa tuje kwenye Maandiko, kwa maana Kilimia kimetajwa humo mara 3, mara mbili katika kitabu cha Ayubu na mara moja katika kitabu cha Amosi. Neno la Kiebrania ni Kima. Waliotutafsiria Biblia kwa Kiswahili wangeweza kutuletea jina la Kigiriki, kama walivyofanya kwa Orioni. Hawakufanya hivyo. Walichukua jina la mkulima, nasi tunawashukuru.

Katika sura ya 38, Mungu anamwuliza Ayubu kama yeye ndiye awezaye kuzikusanya nyota za Kilimia na kuzitia kifungoni, au kumfungulia Orioni. Tumesikia mahubiri, tena zaidi ya mara moja, yasemayo kwamba hapa Biblia ilitangulia sayansi: ati nyota za Kilimia zimefungwa pamoja kwa nguvu ya uvutano, na za mshipi wa Orioni hazikufungwa, basi tazameni, Ayubu alikwisha kujua! Hapo tunawaomba wahubiri wenzetu wapunguze mwendo. Ni kweli kwamba Kilimia kimeshikana kwa uvutano. Lakini kimeshikana kwa ulegevu, na wataalamu wanatuambia kwamba baada ya miaka kama milioni 250 nyota zake zitakuwa zimetawanyika, kila moja na njia yake. Je, siku hiyo tutasema Ayubu alikosea? Ayubu hakuwa akifundishwa habari za nyota. Alikuwa amekaa majivuni, amezika watoto wake, ana majipu mwili mzima, na rafiki zake wamemchosha kwa majibu. Aliulizwa swali ambalo jibu lake ni la pekee: La, mimi siwezi. Tusimpe majibu ya saba! saba! hata mahali ambapo yeye mwenyewe alinyamaza.

Turudi kwenye ule usemi wa wahenga. Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Wako waliosikia hivyo wakadhani nyota ndizo zinazoleta mvua. Lakini tazameni. Kusini kwa Afrika nyota hizi zikitokea alfajiri ya Juni, watu walijua kwamba wakati wa kulima umekaribia. Wagiriki wa kale, kama alivyoandika mshairi wao Hesiodo, waliziona zikitokea alfajiri wakatwaa mundu wakaenda kuvuna. Zilipozama ndipo walipolima. Nyota ni zile zile. Mashamba ndiyo mbalimbali. Pwani kuzama kwake huangukia mvua ya masika. Kule Ukambani, ambako vuli ndiyo tegemeo kubwa, mkulima hukiona kikichomoza jioni huku mvua ya Novemba imo mashambani. Kilimia ni kalenda. Kalenda ya ukutani haileti Krismasi.

Hilo tulilijua kwa uchungu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua mfululizo ilishindwa katika sehemu za kaskazini na mashariki za nchi yetu. Kilimia hakikukosa hata siku moja. Kilizama Aprili kama desturi yake, kikazuka Juni kama desturi yake, kikapita juu ya mizoga ya ng'ombe. Mama mmoja mjane tuliyemjua, mkulima wa mtama na kunde, alipanda msimu wa kwanza, akapanda wa pili, na wa tatu akashika kibuyu cha mbegu mkononi mbele ya watoto wanaolia njaa. Kupanda au kupika? Alipanda nusu, akapika nusu. Ile nusu aliyoipanda haikuota. Kisha akaenda sokoni kununua mahindi, nayo gorogoro aliyopimiwa ilikuwa imebonyezwa chini kwa nyundo, ili ionekane imejaa kabla haijajaa.

Ndiyo sababu tunataka mkisome kitabu cha Amosi usiku huu mkiingia ndani. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo huko Tekoa, na mtunza mikuyu; mtu wa kulala nje, aliyezijua nyota kwa sababu ya kazi. Anamtaja Mungu aliyekifanya Kilimia na Orioni katika sura ya 5, mstari wa 8. Lakini angalieni ni mahali gani amemtaja. Mstari ulio mbele yake unawasema wale waigeuzao haki kuwa uchungu. Mistari ifuatayo inawasema wale wamkanyagao maskini na kumtoza ngano yake, na wale walao rushwa na kumpindua mhitaji langoni. Na mbele zaidi, katika sura ya 8, anawakuta wafanya biashara wakipunguza kipimo na kuongeza bei. Yule nabii hakupumzika katikati ya maneno makali ili kutazama uzuri wa anga. Kwake Kilimia na gorogoro vilikuwa katika hotuba moja.

Dakika zetu zinakwisha. Kama usiku wa leo ni wa mawingu, au Kilimia kiko upande wa jua, ngojeni. Mwezi wa Juni waamsheni watoto saa kumi na moja ya alfajiri, na kuanzia Novemba hamna haja ya kuamka, kiko jioni. Msiwaambie watoto idadi. Kila mmoja na ahesabu peke yake, aandike katika karatasi idadi aliyoiona, jina lake, tarehe, na kama mwezi ulikuwapo. Mtoto akisema anaona moshi, asichekwe; apelekwe apimwe macho. Na kama nyumbani yuko babu au nyanya ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho, mwekeeni kiti uani, mmfunike blanketi. Mwulizeni Kilimia kinaitwaje kwa lugha ya kwenu, na kilikuwa upande gani siku walizokuwa wakipanda. Yaandikeni hayo nayo, kisha mmhesabie.

Kwa herini.